Kutafuta bunduki ya 9.3x62 ukiwa Tabora

Kaka wa Sikonge, unaulizia bunduki ya risasi ya 9.3x62 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita) kama aliyokuwa nayo marehemu babu yako. Risasi hiyo ni ya mwaka 1905, kazi ya fundi bunduki Otto Bock wa Berlin, na bado inatengenezwa. Ila si ya kuikuta kila duka. Kwa hiyo uhakikishe risasi kwanza, bunduki baadaye. Anzia polisi kwa kibali, kisha muuzaji mwenye leseni. Za kichochoroni achana nazo kabisa. Ukiishika, soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu: 9.3x74R ni risasi nyingine, ganda lake refu zaidi na lina ukingo kitakoni, haziingiliani. Mulika tochi ndani. Mifuo (mistari iliyochongwa ndani ya mtutu) ikiwa imeliwa na kutu, mrudishie mwenyewe hata akishusha bei. Mauser (bunduki ya Kijerumani) kuukuu ikaguliwe na fundi kabla hujalipa.