Mashine ya kujazia soseji nyumbani, ifunge vizuri kwanza nyama baadae

Ukishanunua ile mashine ya silinda yenye mpini wa kuzungusha, usikimbilie bucha. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni maana mpya inakuja na grisi ya kiwandani, halafu uifunge siku ambayo huna haraka. Angalia sana ule mpira unaozunguka pistoni, ukikaa upande nyama inapanda nyuma ya pistoni badala ya kutokea kwenye mrija, upake mafuta ya kula kidogo uteleze. Kuna na kivalvu cha kutolea hewa, kikiziba hewa yote inaishia kwenye soseji. Meza iwe nzito, ibane na klampu, la sivyo ukizungusha mpini mashine nayo inazunguka na wewe.

Sasa joto letu hili la Tanga. Wakati wa kaskazi saa nne tu asubuhi mafuta ya nyama yameshalainika, na yakilainika kabla hujajaza, soseji ukiikaanga inayamwaga yote inabaki kavu inamung'unyika. Ndo maana mimi naanza nikishaswali alfajiri, silinda na pistoni vimelala kwenye friza, nyama nayo isizidi nyuzi 4. Na ile kujazia kwa mashine ya kusagia unayoifungia faneli siipendi kabisa, inaibonda nyama mara ya pili na kuipasha joto, watu wa Lushoto na baridi yao wafanye wakitaka.

Utumbo ndo kazi yenyewe. Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, ukiwahi unapata utumbo mwembamba wa mbuzi, uoshe, ugeuze ndani nje, ukwarue kwa mgongo wa kisu taratibu mpaka ule utelezi wote utoke, ibaki ngozi nyembamba unaona kidole chako kwa ndani, ndo uutie chumvi nyingi uweke kwenye friji. Siku ya kujaza loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, pitisha maji ndani, penye tundu kata hapo hapo.

Mi natumia nyama ya ng'ombe, mafuta kama robo, chumvi gramu 18 kwa kilo, pilipili manga na kitunguu saumu basi. Shindilia nyama kwenye silinda kwa ngumi, zungusha mpaka ichungulie mdomoni mwa mrija ndo uvike utumbo na kufunga fundo. Mkono mmoja mpini, mwingine unaubana utumbo kidogo utoke kwa adabu, na usiujaze ukakakamaa maana ukija kuusokota kutenga soseji moja moja utapasuka. Kapovu choma na sindano. Mpini ukigoma usiulazimishe jamani, kuna mshipa umeziba mrija, rudisha pistoni uutoe.

Kuzipika, katikati ifike nyuzi 71. Mashine ioshe saa hiyo hiyo uikaushe mpaka kwenye gia, upepo wa bahari unakula chuma haraka. Na umeme ukikatika siku hiyo, soseji zote jikoni, waite na majirani.