Kuhusu utando mweupe wa nyonga bandia ya mama
Dada wa Ngamiani, pole na uuguzi. Umeuliza kama ule utando mweupe kwenye nyonga bandia atakayowekewa mama unaweza kubanduka, akabaki na chuma kitupu.

Utando huo ni haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Unga wake huyeyushwa na kupulizwa juu ya chuma cha titani kwa plazma, yaani gesi yenye moto mkali mno. Kila tone likigonga chuma hutandazika, kama uji wa chapati za maji kikaangoni, likaganda papo hapo. Ukiutazama kwa hadubini utaona tabaka juu ya tabaka, vitundu, hata nyufa ndogo ndogo. Usishtuke, ndivyo ulivyo. Unene wake mara nyingi ni mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 50 hadi 150. Sehemu zilizopoa upesi mno hukosa fuwele, yaani chembe zake hazikuwahi kujipanga sawasawa, nazo huyeyuka mapema mwilini. Zenye fuwele hudumu zaidi, mfupa ukajishika hapo. Kupungua huko si kubanduka.

Mimi ningemuuliza daktari kwanza: atatumia saruji ya mfupa, ile inayogandisha nyonga bandia kwenye mfupa? Wazee wenye mifupa dhaifu huwekewa mara nyingi, na hapo utando hauhitajiki. Kama hatumii, ulizeni lini mama aanze kuukanyagia mguu; daladala za Pongwe zisubiri. Na mkandaji asiiguse nyonga hiyo, hata akiwa shangazi.