Deni la IRS na kesi ya kufilisika: usifungue Machi

SWALI: Shikamoo mhasibu. Naishi Houston, naendesha lori langu mwenyewe. Mizigo imepungua na madeni yamenizidi: kadi za benki dola 27,000, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wananidai kodi ya miaka mitatu. Ya 2021 niliomba kuongezewa muda, nikapeleka ritani Oktoba 2022. Baadaye wakanikagua, na Agosti 2025 wakaniongezea dola 6,200. Ya 2022 nilipeleka kwa wakati, ila sikuweza kulipa. Ya 2023 nilichelewa, nikaipeleka Julai 2024 bila kuomba muda. Wakili anataka tufungue kesi ya kufilisika ya Sura ya 7, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa, mwezi Machi 2026. Rafiki ananiambia deni la kodi halifutiki, nisijisumbue. Nani mkweli? Na kiwanja changu cha Kibaha, lazima nikitaje?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Rafiki yako amekosea. Wakili wako yuko kwenye njia sahihi, ila tarehe aliyoichagua itakugharimu pesa nyingi. Mimi ni mtu wa kodi, mahakamani utasimama naye yeye. Mpelekee haya ninayoandika muyapitie pamoja.

Kodi ya mapato inafutika chini ya Sura ya 7 ikiwa imevuka vipimo vya muda. Kwanza, tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani, pamoja na muda wa nyongeza ulioomba, iwe imepita zaidi ya miaka 3 siku unapofungua kesi. Pili, ritani yenyewe iwe imekaa kwao si chini ya miaka 2. Tatu, tangu IRS waliingize deni rasmi kwenye vitabu vyao ziwe zimepita siku 240. Juu ya hivyo, usiwe umedanganya kwenye ritani wala kukwepa kodi kwa makusudi.

Sasa tuweke miaka yako kwenye mizani. Ya 2021, kwa kuwa uliongezewa muda, mwisho wake ulikuwa 17 Oktoba 2022. Miaka mitatu imekwisha, miwili pia. Kinachobaki ni zile dola 6,200 za ukaguzi, ambazo zina saa yake peke yake, ile ya siku 240. Ingia kwenye akaunti yako ya IRS mtandaoni, pakua taarifa ya akaunti ya mwaka 2021, ni bure. Utaona safu ya namba za miamala. Namba 150 ni ritani yako ilipoingizwa. Tafuta 290 au 300, ndiyo kodi ya nyongeza, kisha soma tarehe iliyo mbele yake. Usiitegemee barua uliyopokea, maana tarehe ya barua inaweza kutofautiana. Tuseme taarifa inaonyesha 11 Agosti 2025: siku 240 zinatimia 8 Aprili 2026. Ukifungua Machi, hizo dola 6,200 zinabaki shingoni mwako.

Ya 2022 ilikuwa na mwisho wa 18 Aprili 2023. Miaka mitatu inatimia 18 Aprili 2026, siku ya Jumamosi. Ukienda mahakamani Machi, deni lote la mwaka huo linabaki. Ukienda wiki ya mwisho ya Aprili, linafutika. Wiki chache tu, na umeokoa deni la mwaka mzima na sehemu ya mwingine. Ndiyo maana nasisitiza: subiri.

Ya 2023 ni habari nyingine, na hapa kuishi Texas kunakuumiza. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 5, inayozihusu Texas, Louisiana na Mississippi, iliamua mwaka 2012 katika kesi ya McCoy kwamba ritani iliyochelewa hata siku moja haihesabiki kuwa ritani kwa ajili ya kufutiwa deni. Mzunguko wa 11, wenye Georgia na Florida, uliikataa hoja hiyo mwaka 2020. Kwako wewe basi deni la 2023 halifutiki, usubiri usisubiri. Kesi itawazuia IRS kukusumbua wakati inaendelea, kisha watarudi. Muulize wakili kuhusu Sura ya 13: kodi ya karibuni kama hii unailipa yote ndani ya mpango wa hadi miaka 5, kwa kawaida bila riba kuendelea kupanda.

Wakati unasubiri, kuna vitu usiviguse. Usipeleke ombi la kupunguziwa deni: linasimamisha saa ya siku 240 muda wote linapoangaliwa, na siku 30 juu yake. Kuomba kusikilizwa rufaa dhidi ya kukamatiwa mali nako kunasimamisha saa, na kunaongeza siku 90. Wakikubana, omba kulipa kwa awamu. Hiyo haisimamishi kitu. Na tafadhali usilipe kodi kwa kadi ya benki. Deni la kadi lililotumika kulipa kodi isiyofutika, nalo halifutiki.

Ukague pia kama IRS wameshasajili dai lao juu ya mali zako. Wakiwa wamesajili kabla ya kesi, wewe binafsi unafutiwa, lakini dai linabaki limekamata ulivyokuwa navyo siku ile, lori na nyumba pia. Ulinzi wa nyumba ya kuishi ambao Texas inasifika nao haufui dafu mbele ya dai la kodi ya serikali kuu.

Ritani ya 2025 ipeleke kabla ya 15 Aprili, maana mfilisi, yaani msimamizi anayepewa kesi yako, atadai nakala ya ritani yako ya karibuni siku 7 kabla ya kukutana naye. Baadaye benki zinaweza kukutumia fomu 1099-C, kana kwamba deni la kadi lililofutwa ni mapato. Si mapato, kwa kuwa limefutwa na mahakama. Jaza fomu 982, ya kuwaeleza IRS kwamba deni hilo lisihesabiwe mapato, weka alama kwenye kisanduku cha 1a, uiambatanishe na ritani.

Kiwanja cha Kibaha, kitaje. Sheria inasema mali popote ilipo, kwa hiyo hata pesa za M-Pesa na hisa zako kwenye kikundi zimo. Wako wanaoambiwa waandikishe kiwanja kwa jina la kaka kabla ya kufungua kesi. Usikubali. Mali iliyohamishwa ndani ya mwaka mmoja kwa nia ya kuwaficha wadai inatosha jaji akunyime kufutiwa madeni yote, na hapo ile kodi ya 2021 na 2022 tuliyoihesabia siku inarudi nzima. Mpe wakili hati ya kiwanja na bei yake halisi ya leo, akutafutie msamaha wa sheria utakaokilinda wote au sehemu yake.