Kosa Lisilopiga Kelele: Ushauri kwa Anayerithi Prosija za Zamani za SQL Server

Nilipokabidhiwa mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, prosija zake nyingi (vipande vya msimbo vinavyohifadhiwa na kuendeshwa ndani ya hifadhidata) zilikuwa zimeandikwa enzi za SQL Server 2000, toleo la zamani la programu ya hifadhidata ya Microsoft, kisha zikahamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila mtu kuzigusa. Mwezi wangu wa pili ulipoisha, mhasibu aliniita akanionyesha wanachama kadhaa ambao akiba zao zilikuwa zimekatwa ili kulipia mikopo, ilhali upande wa mikopo hapakuwa na rejesho lolote lililoandikwa. "Mwanangu," aliniuliza, "hii hela imekwenda wapi?" Hapakuwa na mwizi, na katika kumbukumbu za mfumo hapakuwa na hitilafu hata moja.

Prosija iliyohusika ilifanya mambo matatu ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la amri zinazotakiwa kufaulu zote au zisifanyike kabisa: kupunguza akiba, kuingiza mstari katika jedwali la marejesho, na kurekebisha salio la mkopo. Mwishoni kabisa ilikagua @@ERROR, thamani ya seva inayoshika namba ya kosa, na ikikuta sifuri, ilithibitisha muamala. Aliyeiandika aliamini kwamba @@ERROR hukusanya makosa yote yaliyotokea njiani. Sivyo. Thamani yake inahusu amri moja tu iliyotangulia, na amri inayofuata huifuta, iwe ni PRINT au hata IF ile ile inayoikagua.

Mikopo ya wanachama wale ilikuwa imehamishiwa jedwali la hifadhi ya data ya zamani pamoja na marejesho yake ya awali, lakini orodha ya makato iliendelea kushika namba za zamani. Kwa hiyo uingizaji wa rejesho ulikataliwa kwa kosa namba 547, kwa kuwa jedwali linadai kila rejesho liwe na mkopo unaotambulika. Amri ya tatu ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, ikatafuta mkopo usiokuwepo, ikarekebisha mistari sifuri, na hilo kwa seva si kosa hata kidogo. @@ERROR ikawa sifuri, muamala ukathibitishwa, na akiba ikabaki imekatwa. Ujumbe wa kosa ulifika salama kwenye programu ya Visual Basic 6 iliyoita prosija hiyo, ila programu yenyewe ilifunguliwa kwa On Error Resume Next, amri inayoiambia iruke kosa na kuendelea, na kwa hiyo ilisonga mbele kwa mwanachama aliyefuata.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kosa ndani ya muamala halivunji muamala. Kwa kawaida SQL Server huacha XACT_ABORT, mpangilio unaobatilisha muamala wote kosa linapotokea, ikiwa imezimwa, isipokuwa ndani ya triga (msimbo unaojiendesha wenyewe data inapobadilika), na katika hali hiyo makosa kama 547, au 2627 la ufunguo uliojirudia, huangusha amri moja tu na kuacha nyingine ziendelee. Kosa 1205 la mkwamo, yaani miamala inayosubiriana bila mwisho, kwa upande wake, huangusha kila kitu. Kwa hiyo, kabla hujaandika upya hata mstari mmoja, ushauri wangu wa kwanza ni kuweka SET XACT_ABORT ON mwanzoni mwa kila prosija inayoandika data. Ni mstari mmoja, na unafanya kazi hata kwenye msimbo wa zamani kabisa.

Hata hivyo usiuweke kwa pupa. Pekua kwanza prosija zinazotegemea kosa kwa makusudi: nilikuta moja iliyojaribu INSERT (kuingiza mstari), ikisubiri 2627 ili ifanye UPDATE (kuurekebisha) badala yake, na hiyo ingekufa papo hapo. Kumbuka pia kwamba vipande vya IF @@ERROR <> 0 vilivyoandika kosa kwenye jedwali la kumbukumbu havitafikiwa tena, kwa sababu utekelezaji utakuwa umekatika kabla yake. Mahali ambapo ni lazima kuendelea na mtindo wa zamani, chukua thamani zote mbili kwa amri moja, mara tu baada ya kila badiliko:

SELECT @kosa = @@ERROR, @idadi = @@ROWCOUNT

Ukizichukua kwa amri mbili tofauti, ya pili itakuwa imepotea. Na @idadi, yaani idadi ya mistari iliyoguswa, usiidharau: kwangu mimi ndiyo ingeokoa wanachama wale, kwani UPDATE iliyotakiwa kugusa mstari mmoja ikagusa sifuri inastahili kuhesabiwa kuwa kosa, hata kama seva imeridhika.

TRY na CATCH (ya kwanza hujaribu amri, ya pili hunasa kosa likitokea) zilikuja na toleo la 2005, nami huzitumia kila ninapoandika prosija upya. Lakini hazinasi kila kitu. Prosija ikitaja jedwali lisilokuwepo, CATCH iliyo ndani ya prosija hiyo hiyo hailioni kosa, ila ya aliyeiita ndiyo italinasa. Na muda wa kusubiri ukiisha upande wa programu, ambao katika ADO, maktaba ya Microsoft ambayo programu hutumia kuongea na hifadhidata, ni sekunde 30 usipoubadilisha, seva hupokea agizo la kusimama bila CATCH kuguswa. XACT_ABORT ikiwa imezimwa, muamala hubaki wazi na kufuli zake, zinazozuia wengine kugusa data ile, na asubuhi utasikia kwamba "mfumo umeganda".

Ndani ya CATCH, batilisha muamala kwanza, kisha ndipo uandike kumbukumbu. Ukigeuza mpangilio huo huku XACT_ABORT ikiwa imewashwa, uandishi wako utakataliwa kwa kosa 3930. Ukihitaji maelezo ya hatua zilizopita, yaweke katika kigeu cha aina ya jedwali, kwa kuwa kubatilisha muamala hakugusi vigeu. Baada ya hapo rusha kosa kwa aliyeita. THROW, iliyoletwa na toleo la 2012, inafaa kuliko RAISERROR, amri ya zamani ya kurusha kosa, ila nukta-mkato kabla yake si pambo: ukiandika ROLLBACK TRANSACTION na chini yake THROW bila nukta-mkato, seva itadhani THROW ni jina la muamala, nawe utapata kosa 6401 badala ya lile ulilokuwa unalitafuta. Nilipoteza alasiri nzima kwa alama hiyo moja.

Prosija ya makato niliibadilisha Ijumaa, pamoja na ile Visual Basic iliyokuwa ikifumba macho. Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi nikapigiwa simu kwamba kazi ya usiku imesimama. Jedwali la kumbukumbu lilionyesha 547, mstari wa prosija, na namba ya mkopo. Akiba ya mwanachama yule ilikuwa haijapungua hata shilingi.