Maswali ya Wasomaji: SSL ya Pamoja kwa Duka la Mtandaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza khanga na vitenge mjini Tanga, na mwaka huu nimefungua duka la mtandaoni kwa kuwa nina wateja Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat. Nimekodi nafasi katika seva tunayoitumia wengi. Kampuni inayonihifadhia tovuti imenipa njia mbili: kutumia SSL yao ya pamoja (teknolojia ya kulinda mawasiliano ya tovuti) bila malipo, au kununua cheti changu mwenyewe cha SSL na kulipia kila mwezi anwani ya IP (namba inayoitambulisha seva kwenye intaneti) isiyotumiwa na mwingine. Kijana anayenitengenezea tovuti anasema ile ya pamoja inatosha, kwani usiri wake ni ule ule. Je, ni kweli?
Mfanyabiashara, Tanga

JIBU: Dada yetu, kijana wako amesema nusu ya ukweli. Taarifa zinazosafiri kati ya simu ya mteja na seva husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo, kwa nguvu ile ile, cheti kiwe chako au cha pamoja, na mtu anayeudukiza mtandao wa Wi-Fi mgahawani hataweza kuzisoma. Lakini cheti kina kazi ya pili, ambayo kwa mwenye duka ina uzito mkubwa zaidi: kumhakikishia mteja kwamba tovuti aliyoifikia ni ya mwenye jina lile analoliona kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. SSL ya pamoja hutumia cheti kilichotolewa kwa jina la kampuni inayokuhifadhia tovuti, kwa hiyo hakikubaliki chini ya jina la duka lako. Mteja akishachagua khanga zake na kubonyeza kitufe cha kulipa, ataondolewa dukani kwako na kupelekwa kwenye anwani ya kampuni hiyo, ambayo jina lako limebandikwa mkiani mwake. Mteja wako wa Muscat hajapata kuisikia kampuni hiyo, na kuhamishiwa kwenye jina geni wakati wa kutoa fedha ndiyo dalili hasa ambayo watu wameonywa waihofie.

Kuna na hasara nyingine, isiyoonekana kwa macho. Kikapu cha mteja hukumbukwa kwa vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari, na kidakuzi kilichowekwa na jina la duka lako hakipelekwi kwenye jina jingine. Mafundi wengi wamehangaika siku nzima wakitafuta kwa nini kikapu kinafika kitupu kwenye ukurasa wa malipo, kumbe sababu ni hiyo. Upande wa pili wa jambo hilo unatisha zaidi: maduka yote yanayotumia anwani hiyo ya pamoja huhesabiwa na kivinjari kuwa tovuti moja, hivyo programu mbovu au ya wizi iliyowekwa na jirani yako inaweza kujaribu kusoma yaliyomo kwenye kurasa zako. Kwa sababu hii peke yake, mimi nisingepokea malipo huko hata kama ningelipwa.

Pengine utajiuliza mpango huu ulitoka wapi. Zamani seva ililazimika kuonyesha cheti kabla haijajua mgeni anatafuta tovuti ipi, na kwa hiyo kila cheti kilihitaji anwani yake ya IP. Anwani ni haba, vyeti vilikuwa ghali, na wenye maduka madogo wakapewa cha kuazima. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na nyongeza ya itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta), iitwayo SNI, inayokiwezesha kivinjari kutaja jina la tovuti mwanzoni mwa mazungumzo, ili seva moja yenye anwani moja itoe cheti tofauti kwa kila jina. Ilichelewa kuenea kwa sababu Internet Explorer katika Windows XP haikuielewa, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi Aprili 2014. Anayekutoza leo ada ya anwani ya IP kwa ajili ya cheti tu anakuuzia suluhisho la tatizo lililokwisha kuondoka.

Njia ninayokushauri, basi, haimo katika hizo mbili ulizopewa. Baki kwenye seva ya pamoja ukipenda, lakini uwe na cheti cha jina lako mwenyewe. Mtoaji wa vyeti aitwaye Let's Encrypt amekuwa akivitoa bure kwa umma tangu Desemba 2015, na paneli nyingi za usimamizi (kurasa unazotumia kuendesha tovuti yako) zina kitufe cha kukiomba. Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwamba jina la duka, lenye www na lisilo na www, linaelekea kwenye seva hiyo, kwa maana mtoaji huthibitisha umiliki kwa kutafuta faili maalumu kwenye tovuti yako kupitia jina hilo. Cheti kikishawekwa, badilisha anwani ya duka katika mipangilio ianze na https (http iliyosimbwa), elekeza wageni wote huko, kisha upekue kurasa moja baada ya nyingine ukitafuta picha au programu zinazoitwa kwa http ya kawaida, kwani hizo huzuiwa na kivinjari au hukifanya kitoe onyo. Linda duka zima, si ukurasa wa malipo peke yake: tangu Julai 2018 Chrome huandika kwamba kila ukurasa wa http si salama.

Usidhani kwamba cha bure ni dhaifu. Usimbaji wake haupungui kwa lolote. Vyeti vya bei kubwa huongeza uhakiki wa kampuni yenyewe, lakini Chrome na Firefox ziliacha kulionyesha jina la kampuni kando ya anwani mwaka 2019, na mteja haoni tofauti. Cha kuangalia ni muda wake: vyeti hivi vimezoeleka kuwa vya siku 90, kwa hiyo uliza kama paneli inavihuisha yenyewe. Kampuni inayokuhifadhia tovuti ikikataa kukuruhusu kuweka cheti chako bila ada ya IP, hama.

SWALI: Duka langu lina cheti na linafunguka vizuri kwenye simu, lakini mteja akilipa kwa simu taarifa ya malipo hairudi dukani. Tatizo ni cheti?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Inawezekana. Vivinjari vingi huweza kujitafutia cheti cha kati (kinachounganisha cheti chako na mtoaji anayeaminiwa) kinachokosekana kwenye seva, lakini mfumo wa malipo unaoiita seva yako kwa kawaida hautafuti. Hukata mawasiliano tu. Mwambie fundi aweke mnyororo mzima wa vyeti, yaani chako pamoja na cha kati. Halafu kagua anwani ya majibu (ambako taarifa ya malipo hutumwa) uliyoisajili kwa mtoa huduma ya malipo. Ikiwa uliiandika kwa http, au bila www ilhali duka lako huwapeleka watu kwenye www, taarifa hufika mlangoni, huelekezwa kwingine, na mara nyingi yaliyomo ndani yake hupotea njiani. Sajili anwani kamili ya mwisho, herufi kwa herufi, kisha ujaribu malipo ya kiasi kidogo.