Wasomaji Wauliza: Tumbo Kupanda Kooni na Hofu Nyingine za Michezo ya Kasi

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu hofu ya michezo ya bustani za burudani: rolakosta (treni za kasi zinazopanda na kushuka relini), minara ya kuanguka, meli za bembea, mabomba ya kuteleza majini. Wengi wenu mmeandika "naogopa" bila kusema mnaogopa nini. Hofu ya urefu, ya tumbo kuinuka, ya kufungwa kitini, ya kizunguzungu na ya mashine kuharibika ni hofu tofauti, na dawa ya moja haiitibu nyingine. Kabla ya kutafuta ujasiri, tafuta jina la hofu yako.

Assalamu alaykum. Tunakwenda Abu Dhabi na watoto wa dada yangu, nao hawana wimbo mwingine ila Ferrari World. Mimi ghorofani siogopi, ndege siogopi, ila kiti kikishuka na tumbo likapanda kooni naona roho inatoka. Nifanyeje? – Mama mdogo, Muscat

Waalaykumu salaam, mama. Nusu ya kazi umeshaifanya, maana umetaja unachoogopa.

Kiti kinaposhuka karibu sawa na kitu kilichoachiwa kianguke, viungo vya ndani hupoteza uzito wake kwa muda mfupi. Tumbo na utumbo havikufungwa imara mahali pake, vimeshikwa na utando laini, kwa hiyo husogea juu kidogo. Neva huupokea msogeo huo na ubongo unausoma kuwa unaanguka. Hakuna kinachofika kooni wala kinachochanika.

Wenye hofu hii huizidisha wenyewe bila kujua. Hubana pumzi, hufumba macho, na hujiinua kitini kana kwamba wanataka kushuka. Ukifumba macho mwili haujui mteremko unaanza lini, kwa hiyo kila mteremko unakushtua. Ukijiinua, unaacha nafasi kati ya mapaja na chuma cha kufungia, na mwili utainuka kuijaza nafasi hiyo.

Kaa hivi: makalio yaende nyuma kabisa kabla chuma cha mapajani hakijashushwa, kisogo kiguse kiti, nyayo zikandamize sakafu. Behewa linapoanza kuinama, kaza misuli ya tumbo kama mtu anayetaka kukohoa, kisha toa pumzi kwa mdomo mpaka chini. Wanaopiga kelele hawajakosea, kelele ni pumzi inayotoka. Chagua kiti cha katikati ya treni. Mbele utaning'inia ukitazama shimo, na nyuma utavutwa kwa nguvu juu ya kilele kwa sababu mabehewa ya mbele yameshaanza kushuka. Tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Kula kidogo saa moja au mbili kabla.

Mchezo wa Formula Rossa, rolakosta ya hapo Ferrari World uliofunguliwa 2010, una hofu yake nyingine. Hakuna mnyororo wa kupandisha treni. Winchi inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo huivuta kwa kamba ya chuma hadi kilomita 240 kwa saa katika muda wa sekunde 5 hivi. Mwanzo wake utabanwa mgongoni, na habari ya tumbo inakuja baadaye, treni inapovuka kilima cha mita 52. Miwani mtakayopewa si mapambo. Kwa kasi hiyo chembe ya mchanga inaumiza jicho. Flying Aces ndio mchezo wa tumbo hasa, una vilima vingi vya kumwinua mtu kitini. Kwako huo uwe wa mwisho, au usiwepo kabisa.

Siku hiyo ipe kila mashine namba, 0 hadi 10, kwa jinsi inavyokutisha. Anza na ya 3 au 4. Panda mara tatu mfululizo, na kila unaposhuka taja namba upya. Mara ya kwanza haikuambii kitu, kwa kuwa ni mshtuko mtupu. Namba ya mara ya tatu ndiyo ya kuamini. Ikishuka hadi nusu, hamia mashine inayofuata. Isiposhuka, baki hapo hapo siku hiyo, wala usione haya mbele ya watoto.

Nasoma huku Ujerumani na wenzangu wananivuta kila mara kwenda Europa-Park. Kinachonitoa jasho ni ule mlio wa tak-tak-tak tunapopanda. Nauona mnyororo ukikatika nasi tukirudi kinyumenyume. – Mwanafunzi, Freiburg

Mlio huo ndio unaopaswa kukutuliza.

Chini ya behewa kuna kipande cha chuma chenye bawaba, tukiite ulimi. Kwenye njia ya kupandia, kati ya reli mbili, kumelazwa chuma chenye meno yaliyoelekea upande mmoja, kama msumeno. Behewa likipanda, ulimi huteleza juu ya jino kisha hudondoka nyuma yake: tak. Jino linalofuata: tak. Kwenda juu ulimi unapita, kurudi chini unakwama. Mnyororo ukikatika, treni itarudi nyuma chini ya nafasi ya jino moja tu, kisha itasimama. Kwa hiyo unachokisikia ni kufuli inayofungwa upya kila baada ya hatua fupi. Rolakosta isiyolia haimaanishi haina kinga. Ziko zinazouinua ulimi kidogo wakati wa mwendo ili usigonge.

Tazama na magurudumu, mahali reli inapopita karibu na njia ya watu. Kila behewa lina makundi matatu: yanayobeba uzito juu ya reli, yanayobana ubavuni, na yaliyo chini ya reli. Hayo ya chini ndiyo yanayolizuia behewa lisiruke kilimani. Ni kazi ya Mmarekani John Miller, aliyepata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1919, na bado rolakosta za leo zinafuata wazo hilo.

Wengi huogopa pia umeme kukatika. Breki za sumaku hazihitaji umeme. Bamba la shaba au aluminiamu linapopita katikati ya sumaku za kudumu, ndani ya bamba huzaliwa mkondo unaopinga mwendo, na kadiri treni inavyokwenda kasi ndivyo upinzani unavyozidi. Ila peke yake haziwezi kuisimamisha treni kabisa, kwa hiyo kituoni huwa kuna breki nyingine ya kubana. Reli nayo imegawanywa vipande, na treni mbili haziruhusiwi kuwa katika kipande kimoja. Ndiyo sababu wakati mwingine mnasimama ghafla kilimani: ya mbele haijaondoka. Mkisimama, baki umekaa, mikono ndani. Pembeni kuna ngazi, na wahudumu watakuja kuwafungulia mmoja mmoja ikibidi.

Kuhusu Silver Star ya hapo Europa-Park, yenye mita 73 tangu 2002: usitishwe na kukosa mikanda ya mabegani. Haipinduki kichwa chini, na kinachoshika nyonga kimeshika mwili wote.

Mnara wa kuanguka huchukua muda gani kushuka? Kule juu miguu inakufa ganzi. – Msomaji, Nairobi

Muda mfupi kuliko unavyodhani. Mita 30 za kuanguka bure ni sekunde 2 na nusu, na mwishoni ni karibu kilomita 87 kwa saa. Mita 50 ni kama sekunde 3. Ukitamka Bismillahi Rrahmani Rrahim kwa utulivu, pengine hujaimaliza umeshaingia kwenye breki. Kinachochosha ni kusubiri kule juu, kwa sababu huambiwi utaachiwa lini. Usitazame miguu yako. Tazama mstari wa mbali, paa la nyumba au kilima, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, ukirudia mpaka kiti kiachiwe.

Michezo ya kuzunguka inanitapisha kabla hofu haijaanza. – Kijana, Kisumu

Sikio la ndani linasema unazunguka, macho yanaona kiti kilichotulia, na ubongo unachafukwa na habari mbili. Kadiri unavyoweza, yape macho kitu kisichohama kilicho nje ya mchezo, kama jengo au kilima cha mbali. Katika meli ya bembea kaa katikati, kwa maana ncha mbili ndizo zinazopanda juu zaidi. Weka nusu saa kati ya mchezo mmoja wa kuzunguka na mwingine. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo, humezwa kabla ya mchezo na nyingi huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia kama inakufaa, na siku hiyo usiendeshe gari.

Nina mimba ya miezi minne. Meli ya bembea ni ya taratibu tu, inafaa? – Msomaji, Morogoro

Haifai, mama, wala rolakosta yoyote. Mtikiso wa ghafla unaweza kubandua kondo la nyuma. Vilevile asipande mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, maumivu ya shingo au mgongo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mabango ya langoni yanasema hivyo kwa sababu hiyo.

Nimefika Kunduchi Wet 'n' Wild mara tatu, nikapanda hadi juu ya bomba la mteremko mkali, na mara zote nimeshuka kwa ngazi nikiwapisha watoto. – Kijana, Sinza

Ndugu yetu, ukingo unadanganya macho. Mteremko mkali huinamia mahali usipopaona ukiwa umesimama, kwa hiyo jicho linaripoti kwamba mbele hakuna kitu. Kaa kwanza chini, pale njia inapoishia, uwahesabie watu kumi sekunde zao. Ukipanda, usichungulie. Kaa, lala chali, tazama mikono yako mwenyewe. Mhudumu akiruhusu, pumzi mbili kisha jisukume. Ukingoja ya tatu utaanza kujadiliana na nafsi yako.

Pitisha kifundo kimoja cha mguu juu ya kingine na mikono uikunje kifuani mpaka usimame chini kabisa. Miguu ikiachana, maji ya mwisho wa mteremko huingia mwilini kwa nguvu na yanaweza kujeruhi ndani, hasa kwa wanawake. Usikae katikati ya safari. Anayekaa huyumba na kujigonga. Kwa mwenye hofu, mgongo wote ulale kwenye bomba, maana sehemu kubwa ikigusa mwendo hupungua. Wanaokwenda kasi hugusa kwa mabega na visigino tu. Ukikaribia maji ya mwisho, toa pumzi kwa pua yasiingie. Fulana nzito ya pamba au kaptula yenye zipu inaweza kukukwamisha njiani, na nyuma yako kuna mtu anakuja.

Mwanangu ana miaka 9. Akifika kwenye mashine anaganda na kulia. Babake anasema tumtie tu, atazoea. – Mama, Likoni

Tafadhali msimtie. Safari ya dakika moja na nusu humalizika hofu ikiwa kileleni, hivyo anachokibeba mtoto ni kile kilele, pamoja na kumbukumbu kwamba wazazi walimshika. Lakini kumrudisha nyumbani papo hapo nako kunamfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomponya. Simameni naye upande wa kutokea, si wa kuingilia, aone nyuso za wanaoshuka. Mpe simu apime sekunde. Kisha pandeni naye kitu kidogo alichokichagua yeye, akijua anaweza kutoka foleni mpaka dakika ya kukaa. Msimwambie "hakuna kitu." Mwambieni kweli: moyo utadunda, viganja vitaloa, kisha vitapungua.

Na fimbo ya kupima urefu iheshimiwe. Wako wazazi wanaotia vitambaa kwenye viatu mtoto afike alama. Chuma cha mapajani kimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho, na mdogo kuliko hapo anaweza kuteleza chini yake.

Sikukuu ya Idd huwapeleka watoto viwanja vya Kariakoo hapa Unguja, na siku hizi iko pia michezo inayoletwa kwa lori na kufungwa viwanjani. Hii ya kuhamahama ndiyo inayonitia hofu. Nitazame nini? Na mtandio? – Mama wa watatu, Unguja

Hofu yako hii hatutaki kuiondoa, mama, ina kazi ya kufanya. Anza chini. Mguu wa mashine ukae juu ya mbao pana au bamba la chuma, usiwe umezama kwenye mchanga. Mahali vyuma vinapounganishwa huwa pana pini, na kila pini ina klipu yake ya kuizuia isichomoke. Ukiona msumari au waya uliopindwa mahali pa klipu, ondoka na watoto wako. Kutu ya juujuu si hoja sana, ila mstari mwembamba wa kutu unaochomoza kwenye mshono wa kulehemu huenda ni ufa. Nyaya zisilale kwenye maji.

Kisha mtazame mwendeshaji kwa dakika tano. Anakishika kila chuma cha kiti na kukitikisa kwa mkono, au anapita tu? Macho yake yako kwenye mashine au kwenye simu? Katika gurudumu kubwa, anapakia viti vinavyokabiliana ili uzito ulingane, au anajaza upande mmoja? Asubuhi je, aliizungusha tupu kabla ya watu?

Mtandio usiwe na ncha inayoning'inia. Uchomeke wote ndani ya nguo, au avae ile ya kuvuta kichwani isiyo na pini, kwa kuwa pini ikifunguka inachoma shingo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye vigari vya mashindano, ambako ekseli inazunguka nyuma ya kiti na hunasa kitambaa na kukivuta kwa mkupuo mmoja; hapo hata buibui pana halifai. Kwenye viti vingine, kusanya nguo katikati ya mapaja kabla chuma hakijashushwa. Kandambili wazivue, zibaki na atakayesubiri chini.