Barua kwa mwanangu: bei inambebea nani habari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza: ikiwa kila mtu ameuza na kununua kwa hiari yake, na hakuna aliyemwibia mwenzake, dhuluma imeingilia wapi hata tajiri aambiwe ana deni kwa jamii? Mwishoni ukaongeza kama kodi ya urithi si wizi uliohalalishwa. Nitajibu yote mawili, ingawa la kwanza ndilo zito.

Kwanza nakubaliana nawe, maana wengi wanaolilaani soko hawajawahi kutazama linavyofanya kazi. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek alitoa mfano wa madini ya bati. Tuseme yameadimika, pengine mgodi umefungwa, pengine yamepatiwa matumizi mapya mahali fulani. Maelfu ya watu wanaoyatumia hawana haja ya kujua sababu. Bei inapanda, nao wanaanza kubana matumizi na kutafuta mbadala. Hakuna aliyetoa amri. Habari zilizotawanyika katika vichwa vya watu wasiojuana zimekusanyika ndani ya tarakimu moja. Serikali zilizojaribu kuifanya kazi hiyo yote kwa mipango ya ofisini ziliishia na maghala ya vitu visivyotakiwa na foleni za kusubiri vinavyotakiwa. Hilo nalishikilia kwa moyo wote.

Lakini bei inabeba habari za nani? Za mwenye fedha. Mwenye njaa asiye na kitu mfukoni hapandishi bei hata kwa senti moja. Mbele ya soko ni kama hajafungua kinywa.

Mwaka 1943 kule Bengal, jimbo la India iliyokuwa chini ya Uingereza, njaa iliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyekuwa mtoto huko wakati huo, alizirudia takwimu akiwa mtu mzima. Katika uchambuzi wake wa 1981 alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo mwaka ule kilizidi cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa ya namna hiyo. Wapo wanaobishana naye juu ya ukubwa wa mavuno. Namna watu walivyokikosa chakula ndiyo inayonigusa mimi. Matumizi ya vita yalipandisha bei ya mchele, ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki nyuma. Vinyozi waliumia pande mbili: mchele ulipanda, na wateja wao, wakibana matumizi, wakaahirisha kunyoa. Hapo kwa kinyozi husimama kila ninaposoma. Mteja ana hiari ya kutonyoa, mfanyabiashara ana hiari ya kumuuzia mchele anayelipa zaidi, na mtu mwenye ujuzi, mchapakazi, anakosa chakula bila yeyote kumnyang'anya. Ukinionyesha hiari katika kila hatua, bado hujanionyesha haki.

Hoja yako, hata kama hukumtaja, ni ya mwanafalsafa Robert Nozick. Mwaka 1974 aliandika hivi: tugawane mali kwa namna yoyote unayoiona ya haki. Kisha watu milioni moja, kila mmoja kwa hiari yake, wampe mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu senti 25 ili wamtazame akicheza. Sasa ana dola 250,000. Ni nani wa kulalamika? Hoja hii ina nguvu, na wanaoicheka hawajaijibu.

Ila wanaomnukuu huishia hapo, na hilo linaniudhi. Nozick mwenyewe aliweka masharti matatu: mali ipatikane kwa haki tangu mwanzo, ihamishwe kwa haki, na dhuluma ya zamani irekebishwe. Sharti la tatu hawalitaji. Ardhi ngapi duniani zilitwaliwa kwa bunduki kabla hazijaanza kuuzwa kwa hiari? Utajiri kiasi gani ulianzia kwenye jasho la watumwa? Nozick alikiri kwamba historia ya namna hiyo inadai marekebisho, ingawa hakueleza kwa kina yafanyikeje. Basi hiari ya muuzaji wa leo haiisafishi mali iliyoporwa na babu yake.

Kuhusu urithi: mtoaji ana haki ya kutoa, na sipendi sheria inayomchukulia kila kitu. Mpokeaji, kwa upande wake, hakutoa jasho lolote, alizaliwa tu. Mwanafalsafa John Rawls alitaka tuchague kanuni za jamii kana kwamba hatujui tutazaliwa nani. Simfuati mpaka mwisho, lakini katika hili ananishawishi. Kwa hiyo kodi kwenye urithi mkubwa siiiti wizi, mradi fedha zimfikie aliyezaliwa bila kitu: shule, matibabu, na kitu cha kushika siku ujuzi wake unapokosa wateja.

Niandikie kuhusu sharti la tatu la Nozick. Hapo ndipo ningependa tubishane.

Mama yako